Kwa Nini Wendelini Alipunguza Mwendo

Avelina alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, na hakuna kilichokuwa kikimuudhi kama mteja asiyejua anachotaka. Kwa hiyo vijana wa klabu ya magari walipoingia kibandani kwake, Sumbawanga mjini, wakiwa na kipande cha kitambaa cheusi na kingine cheupe, wakamwomba awashonee bendera yenye vyumba kama ubao wa drafti, hakushika mkasi kwanza. Aliwauliza bendera hiyo ni ya kazi gani.

"Ya kumpokea mshindi, mama," alijibu Ipyana. "Akifika mwisho tunampepea."

Avelina akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa: kwenye mbio za magari, mtu anapokelewa kwa bendera. Alichokielewa kilikuwa robo ya habari yenyewe, na zile robo tatu zilizobaki ndizo zilizomtoa jasho siku ya mbio, katika baridi ile ya Julai ambayo hapa Ufipa hata mbwa wanaisusia.

Ipyana huyu alikuwa kijana wa kutoka Mbeya, mtumishi wa halmashauri, mtu wa mabomba na mita za maji kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ilipofika alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa helmeti, akakaa kiti cha kushoto cha Corolla kuukuu yenye milango ya rangi mbili, na kumsomea dereva kona zinazokuja. Na dereva mwenyewe alikuwa mume wa Avelina.

Mume huyo alikuwa Mmarekani, jina lake Wendell. Alifika miaka michache nyuma kufundisha kuunga vyuma katika chuo kidogo cha ufundi, akitarajia kukaa mwaka mmoja. Mara ya kwanza alipojitambulisha kanisani, wazee wa parokia walitazamana wakatabasamu, kwa sababu akina Wendelini wamejaa Ufipa, na wengine wamelala makaburini tangu enzi za wamisionari wa kwanza. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Wendell tena. Alikuwa Wendelini, na bibi mmoja wa kijiji cha Pito alishikilia hadi kufa kwake kwamba kijana huyo ni wa ukoo wao, ila amepauka kwa sababu ya kukaa mbali.

Avelina alikuwa mjane alipokutana naye. Wendelini alikuja kuwekewa kiraka cha suruali iliyoungua cheche, akarudi na nyingine, akarudi na ya tatu, mpaka Avelina akamwambia kwamba kama ana neno aliseme, maana suruali zitamwishia. Alilisema. Alikwenda kwa wazee, akatoa alichotakiwa kutoa, wakafunga ndoa, wakajenga Izia, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bustani ya kabichi nyuma.

Sasa, mtu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni magari. Kwao Ohayo alikuwa fundi wa kiwandani, lakini kila kiangazi, mwisho wa wiki, alifunga gari lake dogo nyuma ya pikapu na kwenda kushindana kwenye viwanja vya mbio. Si mbio za kwenye televisheni, zile za watu wanaolipwa. Aliposhindana yeye walikuwepo walimu, waganga wa meno, wauza bima, watu wa kazi zao, kila mmoja na gari alilolitengeneza mwenyewe gereji. Hawakulipwa kitu. Walilipa wao ili waruhusiwe kushindana.

"Unalipa ili ushindwe?" Avelina aliwahi kumuuliza, zamani walipokuwa wachumba.

"Ndiyo," alisema Wendelini. "Kila mwaka."

Maana alishindwa kweli, na alishindwa kwa uaminifu mkubwa. Miaka thelathini na ushee hakuwahi kushinda hata mara moja. Aliwahi kushika nafasi ya tatu, na siku hiyo waliokuwa mbele yake waligongana wenyewe kwa wenyewe. Injini zilimfia, tairi zikampasukia, mvua ikamnyeshea yeye peke yake. Mara moja alikuwa akiongoza kabisa, akaishiwa mafuta akiwa anauona mwisho kwa macho yake. Alivisimulia visa hivi jioni huku akila ugali wa ulezi, anacheka hadi anapaliwa, na Avelina anampiga mgongoni. Lakini mwanamke anayeishi na mtu humjua, na Avelina alijua kwamba ndani ya kicheko kile kulikuwa na kitu kidogo kinachouma.

Alijua pia kwamba gari lile la Ohayo, alilolihangaikia miaka yote hiyo, Wendelini aliliuza ili abaki Sumbawanga. Hakuwahi kumlalamikia kwa hilo, na labda ndiyo sababu lilimkaa Avelina kooni.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Ulianza masika, mkono wa kulia, kidogo tu, kijiko kikigonga sahani. Daktari alisema ni maradhi ya taratibu, hayaui kesho wala keshokutwa, lakini hayarudi nyuma. Wendelini alikaa nayo kimya wiki nzima, halafu akamwambia mkewe kwamba mbio za Julai zitakuwa za mwisho. Baada ya hapo Corolla itakuwa ya Ipyana, na yeye atalima kabichi.

"Sawa," alisema Avelina, akageukia masufuria ili mumewe asimwone uso. Moyoni alikuwa ameshaapa. Mtu huyu atashinda, mara moja tu katika maisha yake, na atashindia hapa, kwetu, watu wakimwona. Jambo hilo alilitaka kuliko mume wake mwenyewe alivyolitaka, na kuendesha gari hajui. Angefanya nini? Angefanya anachokijua.

Alikwenda kwa kaka yake Kasmir, katekista wa kigango cha Pito, mwenye funguo za stoo. Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na magunia mawili ya bendera za njano na nyeupe, alizozishona Avelina mwenyewe kwa ajili ya jubilei ya parokia. Zilipeperushwa siku moja, zikakunjwa, zikawa chakula cha panya.

"Bendera za Kanisa kwenye mashindano ya magari?" aliuliza Kasmir, akazishika funguo kwa mikono miwili.

"Wendelini si muumini wako?"

"Ni muumini, ndiyo. Anasinzia kwenye mahubiri, lakini ni muumini."

"Basi muumini anapokelewa. Kwenye mbio wanapokea kwa bendera, mimi mwenyewe nimeishona ya mshindi. Hiyo ni moja, na ni ya yule atakayefika wa kwanza. Mimi nataka apokelewe njia nzima, apate nguvu."

Kasmir alifikiri kidogo. Kama katekista hakuona dhambi, na kama kaka alikuwa akimjua dada yake toka utotoni. Akafungua stoo.

Akina mama wa jumuiya hawakuhitaji kubembelezwa. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, ulezi umeshapurwa, na hakuna aliyekuwa na udhuru. Agnesi, mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu toka ng'ambo ya bonde, alichukua kundi lake na kupewa daraja, pale magari yanapotoka Izia. Avelina na wake walichukua kilima cha Pito, pale barabara inapopinda kabla ya kurudi. Walipatana iwe siri. Wendelini asijue chochote hadi atakapowaona.

Asubuhi ya mbio Avelina alimfunga mumewe vifungo vya ovaroli, kwa sababu mkono ulikuwa umeamka vibaya. Wakati wa kushika usukani hautetemeki, alisema Wendelini, unatetemeka ukikosa kazi.

"Usije kwenye mbio," akaongeza. "Baridi kali. Nitarudi nikusimulie."

"Nani kasema nakuja? Nina shughuli zangu Pito," alisema Avelina, akamnywesha uji wa ulezi bakuli zima.

Mizunguko ilikuwa mitatu: kutoka Izia kupitia darajani, kuzunguka mashamba ya mbali, kupanda Pito, kurudi Izia. Magari yalikuwa tisa, na mengi kati yake Jumatatu yangerudi kubeba viazi. Madereva wawili ndio waliokuwa wa kuogopwa. Mmoja alikuwa Andwele, muuza spea kutoka Mbeya, kijana wa miwani ya jua aliyekuwa na Subaru ya bluu na maneno mengi. Wa pili alikuwa Polikarp, aliyezoea kupandisha dagaa kutoka Kirando kwa pikapu, na mtu aliyezoea milima ile haogopi kona yoyote ya Pito.

Kilimani, akina mama walikuwa wamevaa masweta juu ya vitenge na makoti juu ya masweta. Upepo ulikuwa ukikata. Walipiga soga, wakarukaruka miguu ipate moto, hadi vumbi likaonekana mbali kwenye mabua. Jenifer, mwalimu wa chekechea mwenye macho makali, ndiye aliyeona kwanza.

"Milango rangi mbili," alisema. "Anaongoza. Mama Avelina, mzee anaongoza."

Avelina akanyoosha shingo. Ni kweli, Corolla ilikuwa mbele, na nyuma yake nafasi ya kutosha kabla ya ile Subaru. Ilikuwa ikija kwenye kona kwa namna ambayo hata mtu wa cherehani alitambua kuwa ni ufundi, mkia ukichota changarawe taratibu, bila fujo. Miaka thelathini ya kushindwa ilikuwa imemfundisha kitu.

"Pepeeni," akasema Avelina.

Bendera zikainuka, njano na nyeupe, vigelegele vikatoka, jina la Wendelini likaenda na upepo. Na Corolla ikapunguza mwendo.

Ilipunguza kabisa, kama mtu aliyefika kwenye tuta. Ikapita mbele yao polepole, Wendelini mikono miwili kwenye usukani, macho yakitafuta kitu kando ya barabara, na Ipyana pembeni akimpungia mikono na kusema maneno ambayo hayakusikika. Subaru ya Andwele ikawapita. Pikapu ya Polikarp ikawapita. Walipomaliza kona ndipo Corolla ikanguruma tena na kuwafuata.

"Gari imeharibika," alisema Jenifer.

"Haijaharibika. Amekosa nguvu," alisema Avelina. "Hatukupepea vya kutosha. Akirudi, mpepee kama mnafukuza ndege kwenye ulezi."

Alirudi. Mzunguko wa pili alikuwa ameshampita Polikarp huko mbali, na anamkaribia Andwele kiasi kwamba angeweza kumgonga bampa. Akina mama waliruka, walipepea bendera mbili mbili, mmoja akavua na kitenge chake cha njano akakiongeza. Na kadiri walivyopepea ndivyo Corolla ilivyozidi kulegea, hadi ikawa inakwenda mwendo wa mkokoteni. Polikarp akawapita tena, akiwapigia honi akina mama kwa furaha, maana alidhani wamemjia yeye.

Hapo ndipo Kasmir alipofika kwa pikipiki yake, akitokea darajani, uso umejaa vumbi.

"Kwa Agnesi hivyo hivyo," alisema. "Akiona bendera anapunguza. Mizunguko yote miwili. Wakishusha mikono kidogo, anakwenda. Mimi sielewi."

Avelina alisimama na bendera mkononi, akaitazama. Njano. Akakumbuka jioni moja Wendelini alipomwonyesha kwenye simu mbio za zamani, magari yanazunguka, yanazunguka, naye alikuwa akipindisha mshono wa kola na kutazama kwa jicho moja. Kulikuwa na mtu kasimama pembeni ya kona anapepea kitambaa cha njano, na magari yote yakapoa. Alikuwa ameuliza sababu. Wendelini alikuwa amemweleza, taratibu, kwa heshima kabisa, kwamba hiyo ya njano ndiyo kubwa kuliko zote. Maana yake mbele kuna hatari, pengine mtu kaanguka barabarani. Ukiiona unapunguza, na humpiti mtu yeyote. Rafiki yake aliwahi kuvunjwa miguu yote miwili kwa sababu dereva mmoja aliiona akajifanya hakuiona. Yeye tangu siku hiyo, alisema, mguu unatii kabla kichwa hakijafikiri. Na Avelina alikuwa ameitikia, ndiyo, ndiyo, akakata uzi kwa meno, akasahau.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimewaweka watu njia nzima wamwambie mume wangu asimame."

Wale madereva wengine walikuwa wenyeji. Waliona bendera za jubilei, wakajua ni za jubilei, wakapita zao. Mtu mmoja tu kati ya tisa aliziona kuwa ni amri, na mtu huyo ndiye aliyetakiwa kushinda. Avelina alitamani ardhi ya Pito ipasuke immeze pamoja na magunia yake.

Lakini hakuwa mtu wa kukaa akilia. Mzunguko mmoja ulikuwa umebaki.

"Kasmir, katiza shambani, nenda kwa Agnesi. Mwambie azishushe zote, azikalie. Asimwache mtu hata na leso. Nanyi hapa, zitupeni nyuma ya mabua. Na wewe vaa kitenge chako."

Kasmir alikwenda, pikipiki ikiruka matuta ya mahindi, katekista mzima na shati limejaa upepo. Akina mama walizificha bendera nyuma ya rundo la mabua, wakapanga mstari kando ya barabara, mikono nyuma, kama watoto waliokatazwa kucheka. Avelina aliwaambia pia wasipige vigelegele. Wasiite. Wasifanye chochote kinachoweza kumchanganya. Wakanyamaza, na upepo ukasikika.

Vumbi likaja. Jenifer alikodoa macho, akamshika Avelina mkono.

"Anaongoza. Amewapita wote wawili."

Na kweli alikuwa amewapita. Darajani hakukuwa na bendera, barabara ilikuwa yake, na huko kwenye mashamba ya mbali aliwafanya Polikarp na Andwele waonekane wanafunzi. Corolla ilipanda kilima cha Pito peke yake. Subaru ilikuwa nyuma sana, na baada ya kona hii ulibaki mteremko tu hadi Izia. Avelina alianza kusali, si sala ya kitabuni, maneno tu. Pita, alikuwa akisema. Usitazame huku. Pita.

Corolla ilifika kwenye kona, ikapunguza mwendo.

Hakukuwa na bendera. Hakukuwa na ng'ombe, wala mtoto, wala jiwe. Ilipunguza, ikapunguza, hadi karibu ikasimama mbele ya mstari ule wa wanawake walionyamaza. Wendelini alitoa kichwa dirishani na helmeti yake, akawatazama mmoja mmoja hadi akamfikia mkewe. Avelina alipomwona macho alishtuka. Alikuwa na macho ya mtu aliyetoka mbali kuja kutembelea ndugu, akakuta mlango umefungwa.

"Nenda," alisema Avelina, akimsukuma hewani kwa mikono yote miwili. "Wendelini, nenda."

Akaenda. Lakini Subaru ilikuwa imeshafika, ikapita kwa kishindo, na mawili hayo yakateremka kwenda Izia yakifukuzana ndani ya vumbi moja.

Kasmir alimpakia dada yake, wakakimbia nyuma yao. Walipofika Izia mambo yalikuwa yameshaisha. Bendera ya drafti, ile aliyoishona kwa mkono wake, ilikuwa imempepea Andwele. Wendelini alikuwa wa pili, na watu walisema tofauti ilikuwa boneti tu, boneti moja ya gari.

Avelina alishuka kwenye pikipiki akiwa na maneno tayari kinywani. Angeomba radhi mbele ya watu wote, hata kwa kupiga magoti. Lakini kabla hajamfikia mumewe alikutana na Ipyana, ambaye alikuwa amevua helmeti na kuiweka chini kwa hasira, kisha akaiokota kwa sababu ilikuwa ya kuazima.

"Shikamoo mama. Mama, ongea naye wewe, mimi nimeshindwa."

"Marahaba. Mwanangu, kosa ni langu. Zile bendera mimi ndiye niliyezileta. Kwa mume wangu njano ni hatari, nilisahau."

"Hapana, mama. Sikiliza. Mara ya kwanza darajani, sawa, mguu ulikanyaga breki wenyewe. Nikamwambia, mzee, hizo ni za Kanisa, kanyaga mafuta. Akasema, najua. Pito, akapunguza tena. Nikamwambia, mzee, hakuna hatari, ni mama na wenzake. Akasema, najua, nawaona. Mzunguko wa pili vile vile. Wa tatu sasa hakuna bendera hata moja, tunaongoza, mama, tunaongoza, mtu anasimama kilimani anachungulia."

Avelina alimgeukia mumewe. Wendelini alikuwa ameegemea Corolla, nywele nyeupe zimelowa jasho, mkono wa kulia umeanza tena kutetemeka kwa kuwa umekosa kazi. Kundi la Agnesi lilikuwa limefika kutoka darajani, limemzunguka, na wale wa Pito walikuwa wakiteremka kwa miguu mbiombio.

"Ulijua?" aliuliza Avelina.

"Nilijua. Uliposhona zile bendera nilikula mboga yenye nyuzi za njano mwezi mzima."

"Sasa kwa nini, Wendelini? Ulikuwa unashinda. Leo ulikuwa unashinda."

Kiswahili cha Wendelini kilikuwa kizuri, lakini kwa mambo makubwa alipenda kuyatafuta maneno kwanza.

"Viwanja vya kule viko mbali na mji," alisema. "Kila kona unayopita ni nyasi na matairi yamepangwa. Hakuna watu. Mke wangu wa kwanza hakupenda kelele, binti yangu alikuwa na mambo yake. Unashindana, unafunga gari, unarudi nyumbani, unafungua mlango mwenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kuona mtu amesimama kona ananisubiri mimi. Leo nafika darajani, watu wananiita jina. Nafika Pito, watu wananiita jina, na wewe upo. Nikikanyaga mafuta nitawaona dakika ngapi?"

Akina mama walijisogeza karibu. Hata Agnesi, na kumsogeza Agnesi si kazi ndogo.

"Mara ya tatu nikasema sasa nitawaona vizuri, ni mara ya mwisho," aliendelea Wendelini. "Darajani hakuna kitu. Wamekalia bendera. Nikasema, labda Pito. Nafika Pito, mikono nyuma, kimya." Akatabasamu, lakini mdomo haukukaa sawa. "Nikadhani mmenichoka."

Avelina alikuwa amemfungia mlango mume wake mwenyewe, kwa kumpenda. Alitaka kueleza habari za Kasmir, za jioni ile ya simu, za kiapo alichoapa mbele ya masufuria, na yote akayaacha. Huko pembeni Andwele alikuwa amesimama na kikombe chake kinachong'aa, akitafuta mtu wa kumpiga picha. Hakumpata mtu, akawasogelea polepole, akavua miwani, akasimama kusikiliza kama wengine.

Wafipa wa rika la Avelina hawasemi maneno ya mapenzi hadharani. Mtu anampikia mumewe, anamfulia, anamfunga vifungo, na hiyo inatosha, kila mtu anaelewa. Tangu ndoa yao Avelina hakuwahi kumwambia neno mbele ya watu zaidi ya kumwita aje kula. Sasa alisogea hadi akaushika ule mkono unaotetemeka, akaubana kati ya mikono yake miwili, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye magari ya nyuma waliisikia.

"Sijakuchoka, Wendelini. Sitakuchoka."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika hadi mjini. Ipyana aligeuka akajifanya anakagua tairi, na Kasmir akatoa leso, akafuta vumbi ambalo alikuwa ameshalifuta. Wendelini aliinamisha kichwa na kuegemeza paji la uso begani kwa mkewe, mbele ya katekista na mbele ya parokia nzima, akakaa hivyo.

Avelina alimwacha akae. Kisha akamwambia avae koti, maana jasho lile na upepo wa Izia havipatani.